Ubaguzi wa Makazi katika Somo la Sheria ya Biashara: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nafundisha sheria ya biashara chuoni hapa Mtwara. Kila mwaka tukifika kwenye wiki za ubaguzi wa makazi, naulizwa maswali yale yale na wanafunzi, na walimu wenzangu, na wakati mwingine na wazazi. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayoyatoa. Mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe halikubali kufupishwa.

Kwa nini wanafunzi wa biashara wasome ubaguzi wa makazi? Si mambo ya historia na haki za binadamu?

Kwa sababu waliojenga ubaguzi huo walikuwa watu wa biashara, na vifaa walivyojengea ndivyo tunavyovifundisha muhula mzima: mkataba, uwakala, rehani, bima, tathmini ya thamani ya nyumba. Mwanafunzi wangu atamaliza masomo aende benki akawe ofisa mikopo, au afungue ofisi ya udalali Chikongola, au arudi Newala kukusanya kodi za nyumba za baba yake. Siku moja ataletewa fomu yenye kisanduku cha kujaza, na kisanduku hicho kitakuwa kinaamua nani aishi wapi. Nataka siku hiyo mkono wake usite kabla ya kuandika.

Historia atafundishwa na mwalimu wa historia, na vizuri zaidi kuliko mimi. Ninachoweza kumpa mimi ni uwezo wa kusoma karatasi iliyo safi kisheria na kuona inamfanyia nini mtu ambaye jina lake halimo.

Mnaanzaje?

Kwa mkataba uliokatwa mstari mmoja. Nachukua makubaliano yaliyofanywa na wenye nyumba wa mtaa mmoja wa St. Louis, jimbo la Missouri nchini Marekani, tarehe 16 Februari 1911. Wenye viwanja walikuwa 39, na 30 kati yao walisaini. Walikubaliana kuwekeana sharti juu ya matumizi ya nyumba zao kwa miaka 50, liwabane wao na yeyote atakayenunua baada yao, wakalisajili. Nawapa wanafunzi muhtasari wake kwa Kiswahili, bila ule mstari unaotaja sharti lenyewe ni nini. Nawauliza: mkataba huu una kasoro?

Wanaukagua kama walivyofundishwa. Wahusika wana uwezo wa kuingia mkataba? Ndiyo. Kuna ridhaa? Ndiyo. Kuna malipo au fidia ya pande zote? Ndiyo, kila mmoja amejifunga kwa ajili ya mwenzake. Muda umetajwa, saini zipo, usajili upo. Mwaka jana kundi zima liliupitisha, na wengine walisema umeandikwa vizuri kuliko mikataba mingi ya pango wanayoijua.

Ndipo ninapogawa kipande cha karatasi chenye mstari uliokatwa. Unasema nyumba hizo zisikaliwe na watu weusi wala watu wa asili ya Asia ya Mashariki. Darasa linanyamaza. Kijana mmoja wa Tandahimba aliigeuza karatasi yake mara mbili, kama anayetafuta kitu nyuma yake, kisha akasema taratibu: "Mwalimu, lakini mbona umesainiwa vizuri?" Sikumjibu siku hiyo. Wiki tatu zilizofuata zote zilikuwa jibu lake.

Mbona mnasoma kesi za Marekani? Kwetu hakuna kesi?

Zipo za kwetu, na nitazifikia. Za Marekani nazitumia kwa sababu kule biashara ya kubagua iliandikwa waziwazi, ikapigwa mihuri, ikapelekwa mahakamani, na hukumu zake zinasomeka hatua kwa hatua. Ni kama kujifunza ufundi wa injini kwa injini iliyofunguliwa mezani.

Kesi ya kwanza ni Buchanan dhidi ya Warley, ya mwaka 1917. Jiji la Louisville, Kentucky, lilitunga sheria ndogo mwaka 1914: mtu mweusi asihamie kwenye kipande cha mtaa ambacho wakazi wengi ni weupe, na mweupe vivyo hivyo asihamie kwenye kipande cha weusi. Charles Buchanan, mweupe, akaingia mkataba wa kumuuzia kiwanja William Warley, mweusi. Ndani ya mkataba Warley aliweka sharti: sitapokea kiwanja hiki wala kulipa kama sheria hainiruhusu kukaa hapo. Kisha akakataa kulipa. Buchanan akamshtaki ili mahakama imlazimishe kutekeleza mkataba.

Wanafunzi wanaipenda kesi hii kwa sababu kila kitu kimekaa kinyume. Mweupe ndiye anayedai sheria ya ubaguzi ni batili, mweusi ndiye anayejitetea kwayo, na wote wawili wanataka ivunjwe. Warley alikuwa kiongozi wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, pale Louisville, na mkataba ulipangwa makusudi ili sheria ile ijaribiwe mahakamani. Tarehe 5 Novemba 1917 Mahakama ya Juu ya Marekani iliivunja kwa kauli moja.

Hapo nawasimamisha. Soma sababu, nawaambia, usisome matokeo tu. Mahakama iliegemea zaidi haki ya mwenye mali kumuuzia amtakaye. Kwa hiyo jiji lilizuiwa, lakini majirani hawakuguswa. Kilichofuata mtu wa biashara anaweza kukibashiri: kazi ambayo jiji lilinyimwa ikahamia kwenye mikataba ya watu binafsi. Mwaka 1926, katika kesi ya Corrigan dhidi ya Buckley iliyotoka Washington, Mahakama ya Juu iliiacha mikataba ya namna hiyo iendelee.

Na ule mkataba wa St. Louis uliishia wapi?

Mwaka 1945 familia ya Shelley, watu weusi, ilinunua nyumba kwenye mtaa ule, barabara ya Labadie. Mahakama ilikubali kwamba walinunua bila kujua kuna sharti lolote. Majirani, familia ya Kraemer miongoni mwao, wakaomba watolewe. Mahakama ya kwanza iliwapa ushindi akina Shelley kwa sababu ya kiufundi, kwamba si wenye nyumba wote waliosaini. Mahakama ya juu ya jimbo ikageuza hukumu. Tarehe 3 Mei 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba mahakama hazitatumika kutekeleza sharti lile. Majaji sita walikubaliana; watatu hawakushiriki kabisa.

Jambo ambalo darasa hulikosa mara ya kwanza ni hili: mahakama haikusema mkataba ni haramu. Ilisema Marekebisho ya 14 ya katiba yao, yanayotaka watu wote walindwe sawa na sheria, yanaifunga serikali, hayamfungi mtu binafsi, kwa hiyo majirani wakijizuia wenyewe kwa hiari hawajavunja katiba. Lakini wakienda kwa jaji kuomba amri ya kumtoa mtu nyumbani kwake, jaji ni serikali, na serikali haiwezi kuutia nguvu ubaguzi. Miaka mitano baadaye, mwaka 1953, kesi ya Barrows dhidi ya Jackson ikaongeza kwamba hata fidia huwezi kudai kwa jirani aliyevunja sharti la namna hiyo.

Mkataba ukabaki na maneno yake, ukakosa meno. Kwa mwanafunzi wa biashara sijui somo lililo bora zaidi juu ya tofauti kati ya mkataba kuwapo na mkataba kutekelezeka.

"Mstari mwekundu" ni nini?

Mwaka 1933, katikati ya mdororo wa uchumi, serikali ya Marekani iliunda shirika la kuwaokoa wenye nyumba walioshindwa kulipa rehani. Shirika hilo likachora ramani za miji zaidi ya 200. Kila mtaa ulipewa daraja na rangi: kijani kwa mitaa bora, kisha bluu, kisha njano, na nyekundu kwa mitaa iliyohesabiwa kuwa hatari; ndipo lilipotoka jina la mstari mwekundu. Wakaguzi waliandika umri wa nyumba na hali ya mapaa, na waliandika pia rangi na asili ya wakazi. Uwepo wa watu weusi ulihesabiwa kuwa dalili ya hatari.

Mwaka 1934 likaja shirika la pili, lililokuwa likiwapa mabenki bima ya mikopo ya nyumba. Benki yenye bima inakopesha bila wasiwasi. Isiyo na bima inasita. Kanuni za shirika hilo zilishauri kukwepa mitaa iliyochanganyika, na kwa miaka mingi ziliyasifu masharti kama yale ya St. Louis kuwa kinga ya thamani ya nyumba. Hata baada ya hukumu ya 1948 ilichukua hadi 1950 shirika hilo kuacha kuzipa bima nyumba zilizowekewa masharti mapya ya kibaguzi.

Hapa huwa natumia kipindi kizima ubaoni, nikichora duara. Mtaa unaitwa hatari, kwa hiyo hauna mkopo. Hauna mkopo, kwa hiyo bati likitoboka halibadilishwi, na anayetaka kuuza hampati mnunuzi isipokuwa mwenye fedha taslimu. Bei inashuka. Mthamini anakuja mwaka wa tano, anaona bei imeshuka, anaandika: nilisema mtaa huu ni hatari. Kipimo kimezaa kilichokuwa kinapimwa. Mwanafunzi wa uhasibu akilielewa duara hili, hataichukulia tena takwimu ya thamani kama kitu kilichodondoka kutoka mbinguni.

Kila mwaka mmoja huuliza: "Lakini Mwalimu, benki si inalinda hela za watu?" Ni swali la haki. Benki ina wajibu wa kupima hatari ya mkopaji: kipato chake, madeni yake, historia yake ya kulipa. Kosa la ramani zile ni kwamba zilimhukumu mkopaji kwa rangi ya majirani zake kabla hajafungua mdomo. Wamarekani walitunga sheria kadhaa kurekebisha. Sheria ya Makazi ya Haki ilisainiwa 11 Aprili 1968, wiki moja baada ya kuuawa kwa Martin Luther King. Ya 1974 ilikataza ubaguzi katika mikopo, ya 1975 ikazilazimisha benki kutoa taarifa za mikopo ya nyumba, na ya 1977 ikazitaka zihudumie pia mitaa ya kipato cha chini inakotoka akiba zinazozikusanya.

Je, Tanganyika ilikuwa na ubaguzi wa makazi wa kisheria?

Ilikuwa nao, na uliandikwa kwa ujanja kuliko ule wa Louisville. Wajerumani walitoa kanuni za ujenzi za Dar es Salaam mwaka 1891, zilizotaka eneo fulani lijengwe nyumba za aina ya Kizungu tu. Waingereza waliuendeleza mpango huo kwa kanda tatu. Kanda zilielezwa kwa aina ya jengo na si kwa rangi ya mtu. Lakini anayeweza kujenga jengo la kanda ya kwanza alijulikana. Wananchi walisoma sheria ile vizuri kuliko walioiandika, wakazipa kanda majina yake ya kweli: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Dodoma na Mbeya bado yapo majina hayo. Dar es Salaam uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi kati ya mji wa katikati na Kariakoo, na sababu iliyotajwa ilikuwa afya.

Upande wa ardhi, sheria ya 1923 ilifanya ardhi yote kuwa ya umma chini ya gavana. Mzungu au Mhindi alipewa hati. Mwafrika wa kawaida alikalia kwa mila, bila karatasi. Ilibidi tufike 1994, katika kesi ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, ndipo Mahakama ya Rufani ikasema haki ya kukalia ardhi kwa mila ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba. Kesi hiyo tunaisoma yote, neno kwa neno.

Baada ya uhuru tulikwenda njia yetu. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa 1962, umiliki wa kudumu wa ardhi ukafutwa 1963, na mwaka 1971 serikali ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani kuanzia shilingi 100,000. Wanafunzi hubishana sana kuhusu mwaka 1971, hasa wenye asili ya Kihindi ambao babu zao walikuwa na maduka Lindi au Mikindani. Nawaacha wabishane. Mimi naamini mpango wa mji uliojengwa kwa ubaguzi haukuondoka kwa kubadilisha mwenye jengo. Barabara, mifereji na ukubwa wa viwanja vilibaki palepale.

Na Mtwara yenyewe?

Mtwara mnayoiona ilipangwa mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati wa mradi wa Waingereza wa kulima karanga, kwa ajili ya bandari na reli ya kwenda Nachingwea. Mradi ulianza 1947, ukaachwa 1951. Reli iling'olewa; jina la mtaa wa Reli likabaki. Viwanja vikubwa vya karibu na bahari, upande wa Shangani, vilikuwa vya maofisa. Wafanyakazi walikuwa kwingine.

Tunatembea. Jumamosi asubuhi kabla jua halijakolea, tunaanzia Shangani tunapita Ligula mpaka Chikongola na Magomeni, na kamba ya kupimia ya mita 30. Kule Shangani mwaka jana kamba ilianzia kwenye kona ya ua mmoja, ikaisha kabla ya kufika kona ya pili. Binti aliyeishika akabaki amesimama katikati ya michongoma akiuliza aende wapi. Magomeni kamba ile ile ilipita mbele ya nyumba tatu na genge la nyanya. Mama wa genge alidhani tumetumwa na manispaa kubomoa, akaanza kutoa meza. Tulimwomba radhi, tukamweleza, naye ndiye aliyetupa somo la siku: maji ya mvua yanatoka juu kule yanapita hapa kwake kwa sababu mfereji uliishia barabarani. Nimemwalika darasani mara mbili tangu hapo.

Leo hakuna sheria inayosema nani akae Shangani. Maofisa ardhi wanazungumzia viwanja vya ujazo mdogo, wa kati na mkubwa, yaani kutoka viwanja vikubwa vyenye nyumba chache mpaka vidogo vilivyobanana. Ni lugha ya mipango miji na ina kazi yake halali. Ila nawaomba wanafunzi waweke ramani ya ujazo juu ya ramani ya zamani waone zinavyolala moja juu ya nyingine.

Kwa hiyo unasema Mtwara ni sawa na St. Louis?

Hapana. Nikimsikia mwanafunzi anasema hivyo namrudisha nyuma. Kutengwa kwa rangi kwa mkono wa serikali ni kitu kimoja. Mtu kukosa hela ya kodi ni kitu kingine, na sheria haiyapimi kwa mizani moja. Ninachosema ni kwamba vifaa vinafanana. Benki nyingi hapa zinataka hati ndipo zikopeshe. Hati ipo palipopimwa. Palipopimwa mapema ni pale ambapo mkoloni alipanga kukaa mwenyewe. Ofisa mikopo wa leo hajambagua mtu yeyote, anafuata utaratibu, na bado mkopo unaelekea kule kule ulikokuwa ukielekea. Urasimishaji wa makazi, yaani kupima na kuandikisha maeneo yaliyojengwa bila kupimwa, unasaidia kwa kiasi, hasa pale wananchi wanapoelewa kwamba leseni ya makazi na hati si kitu kimoja.

Dalali anahusikaje?

Anahusika sana, na ndiyo sehemu inayowagusa wanafunzi kwa karibu kwa sababu wote wamepanga.

Marekani, mwaka 1924, kanuni za maadili za chama cha taifa cha mawakala wa nyumba zilimkataza wakala kuingiza mtaani watu wa rangi au taifa ambalo lingeshusha thamani ya nyumba. Yaani maadili yenyewe ya kazi yaliagiza kubagua. Wengine walikwenda mbali zaidi: walieneza hofu kwamba weusi wanahamia, weupe wakauza haraka kwa bei ya kutupa, kisha wakala akawauzia weusi kwa bei ya juu. Sheria ya 1968 ilikataza yote mawili. Mwaka 1982, kesi ya Havens Realty dhidi ya Coleman ilihusu watu waliotumwa kwa makusudi kuulizia nyumba, mmoja mweusi na mmoja mweupe. Mweusi akaambiwa hakuna nafasi, mweupe akaambiwa ipo. Mahakama ilisema yule mweusi ana haki ya kushtaki ingawa hakuwa na nia ya kupanga, kwa sababu sheria ilimpa haki ya kuambiwa ukweli.

Hapa kwetu dalali anakuja na orodha kwenye simu. Mwanafunzi mmoja alinionyesha ujumbe aliotumiwa: chumba masta, Ligula, umeme wa kujitegemea, kodi ya miezi sita, "asiwe na watoto, awe mtu wa dini." Dini ipi haikutajwa. Alipopiga simu, dalali alimuuliza jina lake la tatu. Alipolitaja, chumba kikawa kimeshachukuliwa. Jioni rafiki yake mwenye jina la namna nyingine akaulizia chumba hicho hicho, akaambiwa njoo na hela ya kuonyeshwa.

Darasani tunaligawa tukio hilo kama wanasheria. Dalali ni wakala wa nani? Wa mwenye nyumba, ingawa hela ya kuonyeshwa na kodi ya mwezi mmoja ya udalali anaitoa mpangaji. Maagizo ya mkuu, yaani yule anayemtuma wakala, yanamfunga mpaka wapi? Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haimlazimishi wakala kutenda lisilo halali. Na je, alimdanganya mteja? Alimdanganya. Wanafunzi wengi huingia wakidhani wakala hana lawama kwa kuwa "ametumwa". Wanatoka wakijua neno hilo halimwoshi mtu.

Sheria ya Tanzania inamlinda mpangaji anayebaguliwa?

Kwa sehemu. Ibara ya 13 ya Katiba ya 1977 inatamka usawa mbele ya sheria na kueleza kubagua kwa kutaja utaifa, kabila, mahali mtu alipotokea, maoni ya siasa, rangi, dini, jinsia na hali ya maisha. Ibara ya 17 inampa raia haki ya kuishi sehemu yoyote ya nchi. Ila ibara ya 13(4) inamtaja mtu au mamlaka inayotekeleza madaraka chini ya sheria, na wanafunzi waliokuwa macho kwenye kesi ya Shelley huinua mkono hapo hapo: je, mwenye nyumba binafsi yumo? Hilo ndilo swali la mtihani, na anayejenga hoja vizuri upande wowote namtunza.

Hatuna sheria moja mahsusi ya makazi kama ile ya 1968. Zipo vipande vipande. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inakataza kumnyima mtu mahali pa kuishi kwa sababu ya VVU. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inakataza ubaguzi kwa ulemavu. Sheria ya Ardhi ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, na kabla yake, mwaka 1990, Mahakama Kuu katika kesi ya Ephraim dhidi ya Pastory ilikuwa imekataa mila iliyomzuia mwanamke wa Kihaya kuuza shamba la urithi. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Mikataba kinabatilisha makubaliano yanayopingana na maslahi ya umma. Mimi nadhani sharti la pango linalotaja kabila linaangukia hapo, na ningependa kuona wakili kijana wa Kusini akiijaribu hoja hiyo mahakamani.

Mwenye nyumba hana haki ya kuchagua anayelala kwake?

Anayo. Mama mjane wa Lindi anayepangisha chumba cha nje na kutumia uani na choo pamoja na wapangaji ana haki ya kutaka mtu mtulivu. Kuchagua mlipaji mzuri ni halali, kukataa mlevi ni halali, kuuliza kazi ya mtu ni halali. Hata sheria ya Marekani ilimwachia nafasi mwenye nyumba ndogo anayeishi humo humo.

Ila nawaomba wanafunzi watofautishe alichofanya mtu na alivyozaliwa. "Wamwera ni wakorofi" si taarifa juu ya mpangaji aliyesimama mlangoni na begi lake. Miaka ya gesi, makampuni ya gesi asilia yalipoingia Mtwara, kodi zilipopanda hapa mjini na wageni kutoka bara kuanza kutafutiwa nyumba, tulisikia pande zote mbili: wenyeji waliambiwa hawalipi, wageni waliambiwa wamekuja kuchukua. Kuna wanafunzi wangu ambao wazazi wao walihamishwa vyumba miaka hiyo ili aingie mpangaji wa kampuni. Wanalizungumzia kwa sauti ya chini mpaka leo.

Wanafunzi wakigombana?

Hugombana. Nina kanuni moja: huruhusiwi kutaja kabila au dini ya mtu kama sababu mpaka uonyeshe mstari wa karatasi unaouzungumzia. Inapunguza kelele, na inafundisha kusoma.

Mnafundisha kwa lugha gani?

Mtihani ni kwa Kiingereza. Majadiliano ni kwa Kiswahili, kwa sababu hakuna aliyewahi kukataliwa chumba Mtwara kwa Kiingereza.

Mimi si mwanafunzi. Nimenyimwa chumba na naamini ni kwa sababu ya kabila au dini. Nifanye nini?

Kwanza hifadhi ujumbe wa simu wote, usifute, na andika tarehe, saa na maneno uliyoambiwa siku ile ile. Kama ulitoa hela ya kuonyeshwa, dai risiti au rudi uombe ujumbe unaokiri kwamba ilipokelewa. Nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mara nyingi anamjua mwenye nyumba, na mazungumzo ya robo saa barazani yamewarudishia watu funguo. Kama tayari ulikuwa na mkataba na umetolewa, mlango wako ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Aliyekubagua akiwa ofisa wa umma, peleka malalamiko Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Shauri la haki za kikatiba linafunguliwa Mahakama Kuu, na tangu mabadiliko ya 2020 utatakiwa kueleza kwa kiapo jinsi ulivyoathirika wewe mwenyewe. Huna hela ya wakili, ulizia wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako itakuelekeza walipo.

Na ukipata nafasi Jumamosi ya matembezi, tunakutana Shangani saa moja asubuhi. Njoo na viatu vya kutembelea, kamba tunayo.